Ukurasa wa Kumi na Nne

Kitui, 7 Juni 2025

Kwa Mwalimu Gathua,

Salamu katika jina la Bwana. Mimi ni Nzilani, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu hapa Kitui. Wewe hunijui, lakini sisi tunakujua. Kile kitabu kidogo cha miaka hamsini ya kanisa, chenye ushuhuda wako kwenye ukurasa wa kumi na nne, hapa kimesomwa mpaka jalada limetoka. Mchungaji wenu wa Mtito Andei ameniambia simu huisikii vizuri na WhatsApp huitaki, kwa hivyo nakuandikia kama tulivyoandika tukiwa bweni. Kasyoki wa basi atakuletea.

Habari ni hii. Mwezi wa nane, akina mama kumi na wawili tunapanda Mlima Kenya hadi kilele cha Lenana. Na tutapanda tukiwa tumefunga, siku tatu kwa maji tu, kama ulivyofanya wewe mwaka wa 1988 mkeo alipokuwa mgonjwa. Tunakwenda kwa ajili ya mdogo wangu Mutindi. Ameolewa miaka tisa na hajapata mtoto. Kwa wakwe zake ameitwa majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Alikusikia ukitoa ule ushuhuda kwenye kambi ya vijana akiwa na miaka kumi na miwili, na tangu hapo ameuweka moyoni. Wazo la kupanda ni lake.

Sasa tufundishe. Tufanye mazoezi gani? Tuvae nini? Kuna mama mmoja hapa, Kathini, ambaye anasema atapanda na malapa na leso mbili, baridi haijawahi kumuua. Mume wangu Mbaluka anatucheka: "Mlima ni wa Wakikuyu, waachieni wenyewe." Nimemjibu kwamba tunaye Mkikuyu wetu.

Na zaidi ya yote, tuambie ulivyoweza bila chakula.

Dada yako katika Kristo,
Nzilani

*

Mtito Andei, 14 Juni 2025

Mpendwa Nzilani,

Barua yako nimeipata, na Kasyoki amenisimamia hadi nimalize kuisoma, maana anasema umemwagiza arudi na jibu. Nimemrudisha bila jibu. Mambo haya yanataka utaratibu.

Mwambie Mama Kathini aache malapa. Kila mmoja apate buti zinazofunika kifundo cha mguu, azivae kuanzia sasa sokoni na kanisani, zimzoee kabla ya mlima. Soksi jozi mbili, ya ndani nyembamba, ya juu ya sufu. Nguo ya ndani isiwe pamba, kwa sababu pamba ikilowa jasho haikauki, na jasho likipoa juu kule ndilo linaloleta baridi ya mifupa.

Mnao mwamba wa Nzambani na ngazi zake za chuma. Pandeni mara mbili kwa wiki, kisha mara tatu, kila mmoja akiwa na mzigo wa kilo tano mgongoni, baadaye kumi. Mtakapofika mlimani mwendo uwe wa kuweza kuzungumza. Mtu akishindwa kumaliza sentensi, anakwenda mbio kupita kiasi. Kutoka lango la Naro Moru hadi kituo cha hali ya hewa mtafika mita elfu tatu na hamsini, laleni hapo. Baada ya hapo kuna kinamasi, mwinuko wenye matope na majani marefu, unaochosha kuliko unavyoonekana. Kisha bonde, na kambi iliyo mita elfu nne mia mbili. Ukiumwa na kichwa, sema. Kichwa kikizidi au ukitapika, shuka, hata kama ni hatua mia zimebaki.

Kunyweni maji lita tatu kwa siku. Na kuleni, hata kama hamsikii njaa.

Kuhusu kufunga, nadhani kila mtu ana karama yake.

Ndimi,
Gathua

*

Kitui, 5 Julai 2025

Kwa Mwalimu wetu,

Barua yako tumeisoma mbele ya akina mama wote, na imebandikwa kwenye mlango wa stoo ya kanisa. Kathini amenunua buti. Amezivaa kwenye matanga, watu wakadhani ni askari wa wanyamapori.

Nzambani tunapanda Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Mizigo yetu ni mahindi ya muthokoi, kilo kumi kila mama, na tukishuka tunaipika. Vijana wa pale wanatutania: "Akina mama, mkizunguka mwamba mara saba mtageuka wanaume!" Kathini akawajibu, "Wacha nigeuke, nione kama nitaletewa chai nikiwa nimekaa." Tumecheka mpaka mzigo ukaanguka.

Lakini nina maswali mawili, Mwalimu.

La kwanza, umeandika tule. Kwenye kitabu umesema hukula. Mutindi anasema unatupima imani. Yeye siku za mazoezi hali kitu, anakunywa maji tu.

La pili ni kuhusu mwongozaji wetu. Ni kijana wa Naro Moru, anaitwa Kang'ethe, ana leseni na anaongea kwa adabu. Nilipomweleza habari ya kufunga alikataa kabisa. "Mama, mimi sipandishi mtu asiyekula. Nimeshawahi kushusha mtu kwa machela." Mutindi akachukua simu akamwambia kuna mzee Mtito Andei alifanya hivyo kwa siku tatu. Kijana akauliza, "Alipanda na nani?" Kitabu hakisemi. Akasema, "Mwambieni huyo mzee anieleze mwenyewe, nitamsikiliza."

Je, utamwandikia? Neno lako moja litamaliza ubishi.

Nzilani

*

Mtito Andei, 11 Julai 2025

Mpendwa Nzilani,

Mtiini huyo kijana. Anaijua kazi yake.

Neema niliyopewa mimi wakati ule ilikuwa ya wakati ule. Si ya kila mtu, na si vizuri kuiomba. Mwambie Mutindi hivyo kwa upole.

Barua ya kumwandikia Kang'ethe sidhani inahitajika. Siku hizi mkono unanisumbua.

Gathua

*

Kitui, 24 Julai 2025

Kwa Mwalimu Gathua,

Mimi ni Mutindi. Dada yangu hajui kama nimekuandikia.

Amenisomea maneno yako kwamba neema ile haikuwa ya kila mtu. Nimeyafikiria kwa wiki nzima. Nimeona kwamba hata wewe, kabla ya kupanda, hukujua kama ni yako. Ulikwenda tu. Kwa hivyo nami nitakwenda. Kang'ethe tutamwambia tunakula, na mimi nitakuwa nikiweka chakula kwenye mfuko.

Jumanne nilianguka kwenye ngazi za Nzambani. Nilikuwa siku ya pili bila chakula. Macho yaliingia giza, nikashikwa na Kathini kwa nyuma, la sivyo ningefika chini. Nilimwambia ni buti zimeteleza. Usimwambie Nzilani. Sikuogopa. Nilifikiri, kumbe hivi ndivyo Mwalimu alivyosikia, na nikafurahi kuwa nimefika mahali ulipopita.

Mama mkwe wangu amesema mwaka huu ukiisha hivi, mwanawe ataangalia kwingine. Mume wangu alikuwepo, akaendelea na chakula chake.

Nina ombi moja tu. Kitabu kinasema siku ya pili ndiyo iliyokuwa ngumu zaidi, na kwamba ulitamka neno moja ukapata nguvu. Neno lenyewe hukuliandika. Niambie ni lipi. Nataka nilitamke hilo hilo, hapo hapo.

Mtoto wako,
Mutindi

*

Mtito Andei, 30 Julai 2025

Mutindi,

Umejiita mtoto wangu, na mimi sina haki ya kukuita hivyo. Nitaandika jina lako tu.

Neno nililolitamka siku ya pili ni "ongeza". Nililitamka jikoni mwa wapagazi, katika kituo cha hali ya hewa, nikimwambia mtu aliyekuwa akinipakulia ugali na kabichi. Nilikuwa nimemaliza sahani ya kwanza.

Sikufika Lenana. Sikufika hata kambi ya bonde. Nilianza kupanda Februari 1988 na binamu yangu aliyekuwa mpagazi, nikiwa sijala tangu jana yake. Wanjiro, mke wangu, alikuwa amelazwa, na madaktari walikuwa wametaja upasuaji. Nilimwambia nakwenda kumwombea juu kabisa, bila kula, na sitarudi kabla ya kufika. Yeye hakuniomba hivyo. Nilijisemea mwenyewe, kwa sauti, mbele ya wagonjwa wengine.

Kwenye kinamasi, siku ya pili asubuhi, nilitapika maji ya manjano. Kichwa kilikuwa kama kinapasuliwa kwa kabari. Nilikaa kwenye matope nikalia. Binamu yangu hakubishana nami. Aliniinua, akanishusha akiwa amenishika mkanda wa suruali kama mtu anayemtoa mlevi barabarani. Jikoni walinipa chakula, nikala. Nilikaa pale siku hiyo na iliyofuata, nikiosha sufuria zao, kwa sababu niliona haya kurudi mapema. Hizo ndizo siku zangu tatu.

Niliporudi, Wanjiro aliinua kichwa kwenye mto akauliza, "Ulifika?" Nikasema ndiyo. Nilikuwa na muda wa kusema hapana. Alitabasamu. Wiki iliyofuata alipasuliwa na akapona, na aliyempasua ni daktari mwanamke mwenye mikono midogo ambaye jina lake sikumwuliza. Katika ushuhuda wangu huyo daktari hayumo.

Mchungaji wa wakati ule alimsikia Wanjiro akisimulia, akanisimamisha Jumapili. Nilidhani nitasema mara moja. Nimesema kwa miaka thelathini na saba. Kila mwaka uliongeza kitu: theluji, kupiga magoti, sauti. Hilo neno moja niliongeza mwaka wa tisini na nne, kwa sababu nilihisi watu wanasinzia.

Ningependa ujue kwa nini, ingawa si udhuru. Nilizaliwa kwenye kijiji cha vibarua ndani ya msitu, chini ya mlima ule. Tulitolewa mwaka wa sabini na mbili, nyumba zikachomwa, na baba akatuleta huku kwenye joto, kwa jamaa aliyekuwa na hoteli ya madereva wa malori. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Watu wa Mtito hawakunitendea ubaya wowote, lakini nilikuwa mgeni, na nilipojaribu kusema Kikamba watoto darasani walijificha nyuma ya madaftari wacheke. Kila mtu aliyesikia nilikotoka aliniuliza, "Basi umefika juu?" Sisi tulioishi chini yake tulikuwa tukiutazama tu tukichimba viazi. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kupanda. Lakini huku niliona aibu kutoka mlimani na kutoujua. Nilipotoa ule ushuhuda, kwa mara ya kwanza watu walihama kwenye benchi ili nikae katikati.

Yote niliyomwandikia dada yako kuhusu buti na maji ni kweli. Nimeyasoma vitabuni miaka mingi, kama mtu anayesoma habari za nyumba aliyofukuzwa. Lakini aliponiuliza habari ya kufunga, nilimjibu kwamba ni karama. Aliponiuliza tena, nikamjibu kwamba ni neema. Mara zote mbili nilijua kuna mtu anayefunga kwa sababu yangu. Sasa umeanguka kwenye ngazi za chuma ukafurahi kwamba umefika mahali nilipopita. Mimi sikupita hapo. Hakuna mtu ninayemjua aliyepita hapo.

Kula leo. Mwonyeshe Nzilani barua hii na umwambie ulianguka. Kang'ethe nimeshamwandikia, nikampa na jina la binamu yangu. Huenda wazee wa Naro Moru wakawa bado wanakicheka kisa changu.

Siombi unisamehe. Naomba ule.

Gathua wa Kang'ethe

(Huyo Kang'ethe ni baba yangu. Si yule kijana.)

*

Kitui, 8 Agosti 2025

Mwalimu,

Nimesoma. Niliisoma nikiwa nimesimama, na nikakaa.

Mutindi hakusema na mtu siku nne. Siku ya tano aliingia jikoni akapika chapati sita, akazila zote akiwa ameupa ukuta uso. Nilimwambia polepole, akaniambia, "Niache, nashiba."

Nataka ujue kwamba kudanganya kwako mwaka wa 1988 hakunikasirishi. Mtu na mke wake mgonjwa, hayo nayaelewa. Kinachonikasirisha ni tarehe 14 Juni na tarehe 11 Julai. Nilikuuliza kwa heshima, kwa mwandiko safi, ukanijibu habari za soksi. Ningemzika mdogo wangu na ningekushukuru kwenye mazishi.

Barua yako nimeibandua mlangoni. Kathini aliuliza kwa nini, nikamwambia. Akasema, "Lakini buti ni nzuri." Basi nimeirudisha, ile ya buti.

Tunaondoka Jumapili tarehe 17. Tutakula. Usituombee. Au ukituombea, ombea nyumbani, usisimame mbele ya watu.

Nzilani

*

Kitui, 26 Agosti 2025

Kwa Mwalimu Gathua,

Tumerudi sote kumi na wawili.

Nilikula asubuhi, mchana na jioni. Uji, mayai, wali, kila kitu. Kang'ethe alikuwa akinitazama mdomo kana kwamba mimi ni mtoto anayepewa dawa. Kinamasi nilikipita. Matope yalinifika magotini, na nilipofika katikati nilikuwaza, nikakutukana kwa Kikamba. Kang'ethe hakuelewa ila dada yangu alielewa.

Kambi ya bonde nilifika. Pale kichwa kikaanza, kisha nikatapika, mimi niliyekuwa nimekula. Kang'ethe alisema tunashuka. Nilimsihi. Nilimwambia habari za mama mkwe wangu, nikiwa nimemshika koti, mbele ya wapagazi. Akaniambia, "Mama, mlima haujui hayo." Tukashuka. Kwa hivyo nimefika mita elfu nne mia mbili na sikuomba lile nililoliendea. Nililia tu. Nzilani, Kathini na wengine watatu ndio waliofika Lenana. Kathini anasema juu hakuna kitu, ni mawe na upepo, na alikula biskuti.

Jumapili kanisani waliniita kutoa ushuhuda. Walijua ni kwa ajili yangu. Nilisimama, na nitakuambia ukweli: neno "nilifika" lilikuwa mdomoni tayari. Lilikuwa tamu. Nilimwona mama mkwe kwenye safu ya tatu, na nikaona jinsi lingemnyamazisha. Hapo ndipo nilipokuelewa, na sikupenda kukuelewa.

Nikasema, "Niligeuka. Niliugua, nikashushwa." Hakuna aliyesema amina. Nilirudi kukaa. Mume wangu alisogea akanipa nafasi, lakini hakunitazama.

Wewe umeshasema kanisani kwenu?

Mutindi

*

Mtito Andei, 8 Septemba 2025

Mutindi,

Nilisema Jumapili, tarehe 31. Kabla ya barua yako kufika nilikuwa nimejiambia kwamba kukuandikia wewe kumetosha. Hakukutosha, na nilijua.

Nilimwomba mchungaji dakika tano. Niliandika ili nisiongeze. Nilisema: sikufika, nilikula, niliosha sufuria, nilimdanganya mke wangu na nikawadanganya ninyi miaka thelathini na saba, na mwanamke mmoja wa Kitui karibu afe. Kisha niliinamisha kichwa nikasubiri.

Halafu mama mmoja nyuma akasema, "Amina!" Mwingine akapiga makofi. Mchungaji, kijana mzuri niliyemfundisha darasa la tano, alinishika bega akageukia watu: "Mnaona unyenyekevu wa wazee wetu? Mtu amefika juu, na hataki sifa." Nilimwambia, "Nthiwa, nimesema sikufika." Akaniambia kwa sauti ndogo, kwa upendo, "Mwalimu, kaa, umechoka." Wakaimba.

Nje ya kanisa walinizunguka. Mmoja alitaka nimwombee magoti. Wengine walikuwa wakiambiana kwamba tangu Wanjiro afariki nimeanza kuchanganya mambo. Na kuna jambo baya zaidi. Vijana wetu ishirini wanapanda Desemba. Wamesikia habari zenu, wanasema akina mama wa Kitui walipungukiwa imani kwa sababu walikula. Wao watafunga. Wana kile kitabu.

Nimewaandikia barua mmoja mmoja, ishirini, kwa mkono. Watatu wamenishukuru kwa sala zangu.

Sijui nifanye nini tena. Nina miaka sabini na sita, na uongo wangu una nguvu kuliko mimi. Katika watu wote waliowahi kunisikia, wewe ndiye uliyeniamini zaidi niliposema uongo, na ni wewe na dada yako tu mnaoniamini sasa. Sistahili kukuomba kitu. Nakueleza tu kwa sababu ulinijibu.

Gathua

*

Kitui, 13 Septemba 2025

Mwalimu,

Nzilani amezungumza na mchungaji wenu. Hakumwambia habari yako, amemwambia tu kwamba akina mama waliopanda mlima wanaomba kuwasalimu vijana wa Desemba. Amekubali haraka. Ni Jumapili tarehe 21. Tutakuja na basi la Kasyoki, mimi, Nzilani na Kathini. Kang'ethe anatoka Naro Moru, na anakuja na binamu yako. Yupo hai, ana miaka themanini na mbili, na anakumbuka hata suruali uliyovaa.

Sijakusamehe. Nyumbani kwangu hakuna kilichobadilika, na kuna siku nikiamka nakuchukia kabla sijafungua macho. Lakini wale ni watoto ishirini.

Nitasema mimi kwanza, mahali nilipogeuka. Kisha binamu yako atasema mahali alipokushika mkanda. Wewe utasimama kando yetu, hutaketi hata wakikuletea kiti. Na wakianza kupiga makofi, usiinamishe kichwa. Ukiinamisha kichwa ndipo wanapoona unyenyekevu. Watazame usoni, mmoja mmoja, mpaka waache.

Mutindi